Seva yako haijachoka, inapigiwa hodi tu

Kama unalipa dola tano au sita kila mwezi kukodi seva ndogo huko ng'ambo, yaani kama shilingi 700 hivi, ifungue sasa hivi uandike: vmstat 1. Namba zitaanza kuteremka, mstari mmoja kila sekunde. Usitishike. Achana na zingine zote, angalia safu tatu tu: in, cs na st. Ya kwanza ni mara ngapi mashine yako imekatizwa ndani ya hiyo sekunde moja. Ya pili ni mara ngapi imeacha kazi moja ikashika nyingine. Ya tatu ni asilimia ya muda ambao mashine yako ilitaka kufanya kazi lakini prosesa ilikuwa inahudumia jirani ambaye hata humjui.

Wengi wetu tukiona seva inakokota miguu tunajua dawa moja: kuongeza RAM. Unapanda kutoka dola sita hadi kumi na mbili, wiki mbili mambo yanakuwa fiti, halafu uvivu unarudi. Kabla hujatuma hiyo pesa mwezi huu, nipe dakika kumi tuangalie safu ya kwanza. Huenda mashine yako ina nguvu ya kutosha kabisa, ila siku yote inashinda mlangoni ikijibu hodi.

Naandika nikiwa Mosocho, hapa kwenye barabara ya Kisii kwenda Kisumu. Hakuna jengo la vioo hapa, kuna soko, steji, na stima ambayo huja ikipenda. Chuo niliacha mwaka wa pili karo ilipokataa. Somo hili tulifundishwa kwa dakika arobaini: sanduku, mshale, sanduku, "chukueni hiyo, itakuja kwa mtihani." Hakuna aliyetaja kwamba hiyo mishale ni pesa.

Fundi wa nguo na wateja wake

Intarapti ni hodi. Kadi ya mtandao imepokea paketi, inataka prosesa ije iichukue, basi inabisha. Prosesa inaacha ilichokuwa inafanya, inaandika mahali ilipofika, inaenda kuchukua mzigo, inarudi, inasoma ilikuwa wapi, inaendelea.

Mwangalie fundi wa nguo sokoni wiki ya kufungua shule. Kila mzazi anayepita anauliza, "Fundi, yunifomu imeisha?" Kujibu "bado" ni sekunde moja. Lakini mguu umetoka kwenye pedali, kitambaa kimeteleza, na mshono sasa lazima utafutwe ulipokuwa umefika. Gharama iko hapo kwenye kutafuta mshono. Kwa prosesa ni vivyo hivyo: kila ikikatizwa, vitu ilivyokuwa imeviweka karibu kwenye kashe vinasukumwa na vya hodi, na ikirudi lazima ivifuate tena kwenye RAM, ambayo kwake ni mbali kama hapa na Oyugis kwa miguu.

Hodi ngapi kwa sekunde? Waya wa gigabiti moja ukijaa paketi za kawaida za baiti 1,500, zinapita kama 81,000 kila sekunde. Zikiwa zile ndogo kabisa, zinafika milioni 1.48. Sasa fikiria kila moja ibishe hodi yake.

Mwaka wa 1996 watafiti wawili wa taaluma hii, Jeffrey Mogul na K. K. Ramakrishnan, waliandika kuhusu kitu cha ajabu kinachotokea hodi zikizidi. Kompyuta haizimi na haigandi. Iko hai, imeshughulika kupita kiasi, na hakuna kitu hata kimoja kinachotoka upande wa pili. Kazi yote ni kufungua mlango, kupokea paketi, kisha kuitupa kwa sababu hakuna nafasi ya kuishughulikia maana hodi nyingine imeshapigwa. Nani hajawahi kukaa na bosi wa aina hiyo?

Sasa ingia kwenye ploti

Hayo yote ni kwa kompyuta ya kawaida. Lakini seva yako ya dola tano si kompyuta, ni mashine pepe. Ni kompyuta moja kubwa iliyokatwa vipande kama ploti ya bedsitter: geti moja, maji mamoja, wapangaji ishirini, na kila mpangaji anaamini ana nyumba yake. Anayesimamia geti ni programu inayoitwa haipavaiza. Mimi nitamwita soja.

Katika ploti hii mzigo wako hauji moja kwa moja mlangoni kwako. Kadi halisi ya mtandao ikibisha wakati wewe uko ndani unapika, soja anazima jiko lako, anakutoa nje, anapokea mzigo, anaangalia ni wa nani, anakurudisha ndani, ndipo anakuja kubisha mlango wako rasmi kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. Ukishaupokea, unatoka tena kumwambia "nimepata", kwa sababu kwenye mashine za zamani hata hiyo "nimepata" lazima ipitie kwake. Hodi moja, safari mbili za kutoka nje. Na mara nyingine zaidi.

Tupige hesabu, kalamu tu. Chukua kila safari ile mizunguko 2,000 ya prosesa, makadirio ya wastani. Paketi 81,000, mara safari mbili, mara 2,000: ni mizunguko milioni 324 kwa sekunde. Kiini cha prosesa cha 2.5 GHz kina mizunguko milioni 2,500. Umetumia karibu asilimia 13 ya kiini kwenye kutoka na kuingia mlangoni tu, kabla hujasoma hata herufi moja ya kilicho ndani ya paketi. Na hapo sijahesabu kashe iliyochafuliwa.

Halafu kuna jambo baya zaidi, na hili ndilo linalowapata wale wetu wanaojiwekea mashine pepe nyumbani au kwa saiba. Programu za mashine pepe mara nyingi zinakupa kadi ya kuigiza, kwa kawaida ile ya Intel inayoitwa e1000. Ni chaguo la busara kwao, kwa sababu karibu kila mfumo unaijua na utawaka bila shida. Lakini draiva ya e1000 ndani ya mashine yako haijui imedanganywa. Inaamini kuna chuma pale. Inasoma rejista ya kadi kuuliza "nani amebisha?", na kwa kuwa rejista hiyo haipo, soja lazima akutoe nje, aigize jibu, akurudishe. Inaandika rejista nyingine, unatolewa tena. Hapo kila mzigo una safari zake kadhaa, zote za kuigiza tu.

Mtu mwenye kampuni inayoitwa Mojatatu

Dawa ya kwanza ilikuja kabla hata mashine pepe hazijawa maarufu. Novemba 2001, huko Oakland, California, watu watatu waliwasilisha njia mpya ya kuandika draiva za mtandao kwenye Linux: Jamal Hadi Salim, Robert Olsson na Alexey Kuznetsov. Soma jina la kwanza tena. Jamal Hadi Salim baadaye amejulikana na kampuni yake ya Ottawa, Kanada, inayoitwa Mojatatu Networks. Moja, tatu. Mara ya kwanza nilipoliona hilo jina nilidhani macho yangu yananichezea. Tumezoea kuambiwa kwamba vitu vya ndani kabisa vya kompyuta ni vya watu wa mbali wenye majina ya mbali, kisha unafungua msimbo unaosukuma nusu ya intaneti unakutana na jina ambalo ungelisikia Mombasa Old Town kwenye kahawa.

Njia yao inaitwa NAPI, maana yake API Mpya. Ina zaidi ya miaka ishirini na bado inaitwa mpya, ndivyo hivyo. Wazo lenyewe ni rahisi mpaka linaudhi. Hodi ya kwanza ikija, draiva inaiambia kadi: sawa, nimesikia, sasa nyamaza. Inafunga hodi kabisa. Kisha prosesa, ikipata nafasi, inaenda yenyewe kuchungulia na kuchukua paketi zilizojipanga, kwa kawaida hadi 64 kwa mkupuo mmoja. Zikiwa bado zipo, inapangiwa kurudi. Zikiisha, ndipo inaifungulia kadi: unaweza kubisha tena. Mzigo ukiwa mdogo, unapata wepesi wa hodi. Mzigo ukiwa mwingi, hodi zinakoma zenyewe.

Fundi wetu wa nguo angefanya hivi: anafunga mlango, anashona kola nzima, halafu anatoka nje mara moja kuwajibu wazazi wote.

Upande wa mashine pepe, aliyefanya kubwa ni Mwaustralia, Rusty Russell. KVM, ile haipavaiza iliyo ndani ya Linux, iliingia na toleo 2.6.20 Februari 2007. Mwaka uliofuata, Januari 2008, toleo 2.6.24 likaja na virtio. Russell alisema, kwa ufupi, tuache kuigiza. Draiva ijue wazi kwamba iko ndani ya mashine pepe, na tuiandikie lugha ya kuongea na soja moja kwa moja. Lugha hiyo ni kipande cha kumbukumbu ambacho wote wawili wanakiona, kimepangwa kama duara. Mmoja anaweka mizigo, mwingine anachukua, bila kutoka nje.

Na kwenye hilo duara kuna alama mbili ndogo ninazozipenda sana. Moja ni ya mpangaji kumwambia soja: usinibishie, niko macho, nachukua mwenyewe. Nyingine ni ya soja kumwambia mpangaji: nawe usiniite, nakuona. Baadaye ikaongezwa njia ya tatu iliyo nadhifu zaidi: badala ya "nyamaza" au "bisha", unaandika namba. "Ukifika mzigo wa 240, ndipo unibishie." Mizigo mia inaweza kupita kwa hodi moja.

Probox haiondoki na mtu mmoja

Kuna swali ambalo wewe msomaji mjanja tayari unalo. Kama kukusanya mizigo ni tamu hivi, kwa nini tusisubiri ifike elfu?

Nenda steji hapa Mosocho ukitaka kwenda Kisii mjini. Probox haiondoki na abiria mmoja. Inangoja ijae, na kujaa kwa Probox wewe mwenyewe unakujua, hakuna hesabu ya shuleni inayokueleza. Saa mbili asubuhi hiyo ni sawa, gari linajaa kwa dakika tatu, mafuta yanatumika vizuri, kila mtu anafika. Lakini saa nne usiku, wewe ni peke yako steji na mtoto ana homa, dereva anayesisitiza lazima ijae anakuua.

Hiyo ndiyo shida nzima ya kukusanya hodi, na watu wa VMware waliitatua vizuri kwa upande wa diski. Irfan Ahmad, Ajay Gulati na Ali Mashtizadeh waliiandika 2011, wakaiita vIC. Saa ya kuhesabu mikrosekunde ndani ya mashine pepe ni ghali kuitumia, kwa hiyo waliacha saa kabisa. Wanaangalia ni maombi mangapi yameshatumwa kwenye diski na bado yanangoja jibu. Yakiwa machache, mtu yuko peke yake steji, ondoka naye sasa hivi. Yakiwa mengi, wengine wanakuja tu, ngoja gari lijae. Mimi naona hiyo ni akili kuliko mengi ninayosoma ya mwaka huu.

Kisha 2012, kundi la watafiti wa IBM Haifa na chuo cha Technion, Israeli, akiwemo Abel Gordon na Dan Tsafrir, wakauliza swali la kihuni: kwani lazima soja awe katikati? Kama kadi fulani umempa mpangaji mmoja aitumie peke yake, mbona hodi zake zipitie getini? Wakabuni njia ya kumpa mpangaji hodi zake moja kwa moja bila kumpa funguo za ploti nzima. Waliiita ELI. Kasi ilipanda kati ya mara 1.3 na 1.6, na mashine pepe ikafika asilimia 97 hadi 100 ya kasi ya kompyuta isiyokatwa vipande. Yaani lile pengo lililobaki, sehemu kubwa ilikuwa ni hodi.

Watengeneza prosesa nao hawakulala. Kuanzia kama 2013 Intel ilianza kuweka ndani ya prosesa zake za seva kitu kama sanduku la barua kwa kila mpangaji: hodi inadondoshwa humo, mpangaji anaipata bila kutolewa nje, na hata "nimepata" haihitaji tena kupitia kwa soja. AMD ina yake, inaitwa AVIC. Na Amazon, ambayo huduma yake ya EC2 ilitolewa kwa umma Agosti 2006 baada ya kujengwa na timu iliyokuwa Cape Town, Afrika Kusini, chini ya Chris Pinkham, mwaka wa 2017 ilileta mfumo wa Nitro unaohamishia kazi ya mtandao na diski kwenye kadi maalum, ili soja abaki na kazi ndogo sana. Ndiyo, Cape Town. Wingu la dunia lilianzia bara hili, na sisi tunalikodi kwa dola.

Shule tatu na kamera za duka

Turudi Mosocho, maana najua unauliza hii yote inakuhusu vipi.

Kuna jamaa tunayefanya naye kazi za mtandao. Ana seva kuukuu, moja ya zile zilizotumika Uingereza kisha zikaletwa Nairobi kuuzwa kwa bei ya simu ya kawaida. Imekaa kwenye chumba nyuma ya saiba, ina betri ya kusaidia stima ikipotea. Ndani yake kuna mashine pepe mbili. Moja inapokea rekodi za kamera za usalama kutoka maduka kadhaa na kuzinakili kwenye diski za kompyuta nyingine ya jirani. Nyingine inaendesha mfumo wa karo wa shule tatu ndogo za kibinafsi: mzazi akilipa kwa simu, ujumbe unakuja, jina la mtoto linawekewa alama, karani anaona.

Wiki ya kufungua shule, ujumbe wa malipo ukaanza kupotea. Si yote. Mmoja hapa, mwingine pale. Upande unaotuma hungoja jibu kwa sekunde chache, ukikosa unakata tamaa. Mzazi ana ujumbe kwenye simu kwamba pesa imetoka, karani haoni kitu, na mtoto amesimama getini na begi. Kama ulisoma shule za huku unajua hiyo njia ya kurudi nyumbani saa tatu asubuhi inavyokuwa ndefu.

Tulipofungua mashine ya karo, RAM ilikuwa nusu tupu. Diski shwari. Lakini safu ya st ilikuwa juu mno. Mtu alikuwa anakula prosesa, na mtu huyo alikuwa mashine ya kamera, ambayo ndani yake safu ya in ilikuwa inakimbia vibaya kila nakala zikianza kuhamishwa. Kadi yake: e1000. Faili kubwa za video, waya umejaa, kila mzigo na safari zake za kuigiza, na mashine ya karo imepanga foleni nyuma yake ikingoja zamu kwa ajili ya ujumbe wenye ukubwa wa SMS chache.

Jioni hiyo tulizima zote mbili, tukabadilisha aina ya kadi kuwa virtio, tukawasha. Kisha tukaanzisha nakala za kamera makusudi, huku tukituma malipo ya majaribio ya shilingi kumi kumi. Yote yaliingia. Hatukununua hata skrubu. Baadaye jamaa akasogeza nakala hadi saa nane usiku pia, na ukiniuliza, hilo angelifanya hata kama kadi ingekuwa ya dhahabu. Lakini jaribio lilifanyika nakala zikiwa zinakimbia, na lilishika.

Fanya hivi kwako

Kwanza, jua kadi yako. Andika ip link upate jina lake, kisha ethtool -i na hilo jina. Ikisema virtio_net, uko pazuri, na seva nyingi za kukodi ziko hivyo. Ikisema e1000 na mashine ni yako, ibadilishe. VirtualBox na KVM zote zina chaguo la virtio kwenye mipangilio ya mtandao. Kama ndani kuna Windows, weka kwanza draiva za virtio kabla hujabadilisha, la sivyo utaamka bila mtandao. Kwa Linux, jua kwamba jina la kadi linaweza kubadilika pia, kwa hiyo usilifanye ukiwa mbali na mashine, huna njia nyingine ya kuingia, na mwenye ufunguo wa chumba ameenda matanga.

Pili, cat /proc/interrupts. Utaona mistari kama virtio0-input.0 na safu moja kwa kila kiini. Kama una viini vinne na hodi zote zinatua kwenye CPU0, basi mmoja anafanya kazi na watatu wanamtazama. Hapo angalia ethtool -l uone kama kadi inaruhusu foleni zaidi ya moja.

Tatu, ethtool -c inakuonyesha kadi inangoja mikrosekunde ngapi kabla ya kubisha. Kwa baadhi ya seva za kukodi utaambiwa haiwezekani. Usilie, hiyo ni kazi ya mwenye ploti. Ikiwezekana, na seva yako ni ya tovuti au ya API, usiogope kuongeza kidogo. Paketi kutoka Kisii hadi Frankfurt na kurudi inakula zaidi ya milisekunde mia. Mikrosekunde 50 za kungoja Probox ijae ni sehemu moja ya elfu mbili ya hiyo safari, mteja wako hatazihisi kamwe, ila prosesa yako itazihisi. Kama unaendesha sauti au michezo kwa mtandao wa ndani, hapo nenda polepole.

Kitu kimoja nakukataza. Kuna watu watakwambia acha hodi kabisa, chungulia tu muda wote, ndiyo kasi ya kweli. Ni kweli kwa wenye vituo vikubwa vya data. Kiini kinachochungulia muda wote kinakimbia asilimia mia hata wakati hakuna mzigo. Kwenye seva ya kukodi utaonekana mpangaji mkorofi na utapunguziwa kasi. Kwenye chumba nyuma ya saiba, stima ikienda, hiyo betri haitakufikisha jioni.

Na kama unaenda kununua hizo seva kuukuu, uliza namba ya prosesa mpaka mwisho. Xeon E5-2670 na E5-2670 v2 zinaweza kukaa kwenye rafu moja na bei zisitofautiane sana, na muuzaji atakwambia ni kitu kimoja. Si kitu kimoja. Ile yenye v2 ndiyo iliyokuja na sanduku la barua. Ukiwa na KVM juu yake, soma faili /sys/module/kvm_intel/parameters/enable_apicv. Y ni ndiyo, N ni hapana.

Ukitaka kuona yote haya kwa macho yako, msimbo wenyewe uko wazi ndani ya Linux, faili inaitwa virtio_net.c, kwenye folda ya drivers/net. Ni maandishi matupu, bando ya bob kumi inatosha kuishusha kwenye simu. Usijaribu kuisoma yote, ni ndefu na mwanzoni inachosha. Tafuta neno napi, utalikuta kila mahali. Kisha tafuta virtqueue_disable_cb. Huo ndio mstari ambapo draiva inamwambia soja anyamaze.